Okot p'Bitek: Mtani Aliyeliuliza Kanisa Maswali



Ndugu msomaji, bila shaka umewahi kumwona mtani msibani. Watu wanalia, yeye anavaa koti la marehemu na kuigiza mwendo wake. Jeneza linataka kutoka, yeye anakaa mlangoni mpaka apewe chochote. Wafiwa hawamkasirikii, maana wanajua kwamba katikati ya mzaha wake mtani husema jambo ambalo ndugu wa damu hawathubutu kulisema: kwamba marehemu ameacha deni, au kwamba mtoto fulani hakuja kumwona baba yake alipokuwa mgonjwa. Watu wanacheka, kisha wananyamaza, kwa sababu jambo lenyewe ni la kweli.

Leo tunamtazama mtu aliyekuwa mtani wa namna hiyo kwa Kanisa la Afrika Mashariki, ingawa Kanisa halikumpa kazi hiyo. Ni Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda. Wengi wetu tulikutana naye sekondari katika somo la fasihi ya Kiingereza, tukamsoma kwa ajili ya mtihani na kumwacha pale pale. Alipenda bia, alipenda ngoma, na ulimi wake haukuwa na breki. Alilelewa Mkristo akaiacha imani. Kwa nini basi jarida la seminari limwandike? Kwa sababu baadhi ya maswali aliyoyauliza akicheka ndiyo yanayomsubiri frateri siku ya kwanza atakapotumwa kigangoni, iwe Kishapu au Nyarugusu.

Mtoto wa mama mwimbaji

Okot alizaliwa mwaka 1931 huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, katika kabila la Waacholi. Familia yake ilikuwa ya Kiprotestanti. Baba yake, Jebedayo Opi, alikuwa mwalimu. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mtunzi wa nyimbo na mchezaji ngoma aliyejulikana. Kwa baba alipata kitabu, kwa mama akapata wimbo, na maisha yake yote alitafuta namna ya kuviweka viwili hivyo katika nyumba moja.

Alisoma Gulu High School, kisha King's College Budo, karibu na Kampala, shule ya watoto wa wakubwa. Baadaye alisomea ualimu Mbarara na kurudi kufundisha karibu na Gulu. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 22 tu, alichapisha hadithi kwa lugha ya Kiacholi. Jina la hadithi hiyo alilichukua kwenye methali ya kwao isemayo kwamba watu hucheka duniani kwa kuwa meno yao ni meupe. Maana yake ni kwamba kicheko si lazima kiwe dalili ya furaha. Mtu anaweza kucheka huku moyoni anaumia. Atakayeikumbuka methali hiyo atamwelewa Okot mpaka mwisho.

Alikuwa pia mwanasoka hodari. Mwaka 1956 timu ya taifa ya Uganda ilikwenda Uingereza kucheza mechi za kirafiki, na wachezaji walicheza pekupeku. Okot alikuwa mmoja wao. Mechi zilipokwisha yeye alibaki kusoma: ualimu Bristol, sheria Aberystwyth katika Wales, kisha elimu ya jamii na mila za watu katika Chuo Kikuu cha Oxford. Ni katika miaka hiyo ya Ulaya ambapo imani yake ya Kikristo ilipoa.

Yeye mwenyewe alieleza baadaye jambo moja lililomuumiza Oxford. Katika mhadhara wa kwanza kabisa, mwalimu aliwataja Waafrika kuwa ni washenzi na watu wa porini. Okot alipinga pale pale darasani, lakini hakusikilizwa.  Tangu siku hiyo alijua kwamba vitabu vinaweza kusema uongo kwa sauti ya upole sana.

Lawino darasani kwa katekista

Aliporudi Uganda alikuwa na utenzi mrefu alioanza kuutunga kwa Kiacholi tangu miaka ya hamsini. Aliufasiri mwenyewe kwa Kiingereza, na mwaka 1966 ukachapishwa Nairobi. Kwa Kiswahili tunaufahamu kama Wimbo wa Lawino, katika tafsiri ya Paul Sozigwa, mtangazaji wetu wa zamani.

Lawino ni mke wa kijijini ambaye hajasoma. Mumewe Ocol amesoma sana, na sasa anamwonea haya. Amempata mwanamke wa mjini, Clementine, anayejipaka poda na kuongea Kiingereza. Lawino hanyamazi. Anaimba kurasa baada ya kurasa akimdhihaki mume, mke mwenza, saa ya ukutani, jiko la umeme na wanasiasa. Hasemi kwamba mambo ya wageni ni mabaya. Anasema tu kwamba kila mtu ana yake, na kwamba mmea wa boga ulioota kwenye mahame ya mababu using'olewe. Anafika hata mahali pa kusema kwamba vijana waliosoma wamepoteza uanaume wao darasani, wamepondwa na vitabu vikubwa. Frateri anayesoma haya akiwa amezungukwa na vitabu vya teolojia atajipima mwenyewe.

Sehemu inayotuhusu zaidi ni pale Lawino anaposimulia jinsi alivyojaribu kuwa mkatekumeni. Alikataa kujiunga na darasa la Waprotestanti, lakini akaingia darasa la jioni la Wakatoliki. Jioni baada ya jioni anakaa na wenzake wakirudia maneno kwa sauti kubwa bila kuelewa hata moja. Salamu Maria inamfikia masikioni kama habari za mwanamke safi, mama wa kibiongo, anayewaombea watu wanaoharibu vitu. Neno la neema halikutafsiriwa kabisa, liliachwa lilivyokuja na meli. Nje mwezi umeng'aa na vijana wenzake wanapiga ngoma. Lawino anasikiliza huku na kusikiliza kule, kisha anainuka na kwenda kwenye ngoma.

Majina ya ubatizo nayo hayakupona. Ocol anataka aitwe kwa majina yake mapya, na mojawapo ni Melkizedeki. Lawino anajitahidi kulitamka, lakini kwa masikio ya Kiacholi anasikia kama mtu anayesema watu waongezewe mboga. Msomaji wa Shinyanga atacheka, kisha atawakumbuka mabibi zetu wanaohangaika na majina ya wajukuu wao. Huku kwetu Mabula ni mtoto aliyezaliwa na mvua, Kulwa na Doto ni mapacha, Shija anawafuata mapacha. Jina linaeleza mtoto alivyokuja duniani. Lawino anauliza jina jipya linaeleza nini.

Bila shaka Okot alitia chumvi. Mtani hutia chumvi. Lakini swali lilibaki: je, yule binti aliikataa Injili, au alikataa kelele ambazo hakuna aliyemweleza maana yake?

Kibiongo na Mungu

Neno hilo la kibiongo lina historia, na Okot aliieleza katika vitabu vyake juu ya dini za Kiafrika vilivyotoka mwaka 1970 na 1971. Anasimulia kwamba mwaka 1911 mapadre wa Kiitaliano waliwaendea wazee wa Kiacholi wakawauliza ni nani aliyewaumba. Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kutoka utupu, kwa hiyo swali likageuka kuwa: nani aliyewafinyanga? Wazee walishangaa. Chungu hufinyangwa, lakini mtu huzaliwa na mama yake. Wakajibu kwamba hawajui. Wageni walipozidi kuuliza, mzee mmoja alikumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima anaweza kushikwa na ugonjwa wa uti wa mgongo ukampinda mpaka akawa na kibiongo. Huyo tunaweza kusema amefinyangwa upya, na roho anayewafinyanga watu hivyo anaitwa Rubanga. Mapadre wakafurahi na kuandika: Mungu kwa Kiacholi ni Rubanga.

Hivi ndivyo Okot alivyosimulia, na alisimulia akicheka. Kwa maoni yake, Waacholi walihubiriwa upendo wa Mungu kwa jina la roho aliyewavunja migongo. Ndiyo maana Lawino anauliza yule Mfinyanzi alichimba wapi udongo wake, na yeye mwenyewe alifinyangwa na nani.

Hakuwacheka Wazungu peke yao. Mwaka 1969 John Mbiti, padre Mwanglikana kutoka Kenya aliyekuwa akifundisha Makerere, alitoa kitabu maarufu juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Okot alisema kwamba wasomi Wakristo wa Kiafrika wanaichukua miungu ya babu zao na kuivalisha kanzu za Kigiriki ili Wazungu waiheshimu. Alisema miungu hiyo ya vitabuni mzee wa kijijini hawezi kuitambua akikutana nayo njiani. Maneno hayo yaliuma, na mpaka leo wanateolojia wanaendelea kuyajibu.

Kufukuzwa na glasi

Mwaka 1966 Okot alikuwa amekabidhiwa uongozi wa jumba la taifa la maonyesho na utamaduni Kampala, wa kwanza kutoka Uganda kushika nafasi hiyo. Aliwaleta wapiga ngoma wa vijijini jukwaani, mahali palipozoea michezo ya Kiingereza. Hakukaa muda mrefu. Akiwa safarini Zambia aliwasema wanasiasa wa nchi yake kwa ukali, na kazi ikaisha. Alihamia Kenya, akaanzisha tamasha la sanaa Kisumu, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi kwa miaka mingi. Idi Amin alipochukua nchi mwaka 1971, njia ya kurudi nyumbani ilizibwa. Baadaye alifundisha Ife, Nigeria. Amin alipoondoka mwaka 1979 alirudi Makerere, na Julai 1982 alifariki Kampala. Alikuwa na umri wa miaka 51.

Katika miaka hiyo ya ugenini sifa yake ya kunywa ilikua pamoja na sifa yake ya kuandika. Baa ilikuwa ukumbi wake wa pili wa mihadhara. Hatuandiki hili ili kumhukumu aliyekwisha kufika mbele ya Hakimu wa kweli, na hatuandiki ili kulipamba. Kuna vijana wanaodhani kwamba kipaji kinakaa ndani ya chupa, na kwamba ukinywa kama mwandishi utaandika kama mwandishi. Okot alikuwa amekwisha kutunga hadithi yake ya kwanza na kuanza Lawino kabla ya hiyo sifa ya baa. Akili ile aliitoa kwa mama yake, kwenye ngoma na kwenye kazi ngumu ya kusoma. Anayeishi Geita ameona vijana wenye nguvu na akili wakitoka kwenye duara na fedha mfukoni, na Jumatatu hawana fedha wala nguvu. Mshairi na mchimbaji hawatofautiani katika hilo.

Ngoma ilipoingia uani mwa kanisa

Sasa turudi kwenye maswali ya mtani. Kanisa lilimjibu nini?

Jibu moja liko karibu nasi. Wamisionari wa Afrika walifika Bukumbi, kusini mwa Ziwa, mwaka 1883, nao walikuta wazee wa Kisukuma wenye majina yao ya Mungu, kama Liwelelo na Seba. Walikuta pia vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo hushindana kwa nyimbo za kejeli mbele ya umati. Kwa muda mrefu ngoma hizo zilionekana kuwa adui wa katekisimu, kama ilivyokuwa kwa Lawino. Lakini huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement kutoka Kanada, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alifanya kinyume. Alijifunza nyimbo hizo, akatumia miundo ya Kisukuma katika kanisa na makumbusho, na akawakaribisha Bagika na Bagalu kwenye sherehe ya Ekaristi. Sherehe hiyo, Bulabo, inaendelea kila mwaka. Pale Bujora Lawino asingelazimika kuchagua kati ya darasa na ngoma.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umekwisha kufungua mlango wa lugha zetu katika liturujia mwaka 1963. Na mwaka 1969 Papa Paulo VI, akiwa Kampala, aliwaambia maaskofu wa Afrika kwamba wanaweza na wanapaswa kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu Lawino aimbe.

Daudi na Jildo

Jibu la pili ni zito zaidi, na linatoka kwao Okot mwenyewe. Mwaka 1918, miaka 13 kabla hajazaliwa, makatekista wawili vijana wa Kiacholi walikuwa wakifundisha huko Paimol. Daudi Okelo alikuwa na umri wa miaka kama 16 hadi 18. Jildo Irwa alikuwa mdogo zaidi, kama miaka 12 hadi 14. Walikuwa wamebatizwa pamoja miaka miwili tu kabla ya hapo. Waliwakusanya watoto, wakawafundisha sala, na walipotakiwa kuacha kazi hiyo walikataa. Mwezi Oktoba waliuawa kwa mikuki. Papa Yohane Paulo II aliwatangaza kuwa wenyeheri tarehe 20 Oktoba 2002.

Tafakari hili, ndugu msomaji. Jina la Mungu walilolifundisha wale vijana ni lile lile ambalo Okot alilicheka baadaye. Yawezekana alikuwa sahihi kuhusu asili yake. Yawezekana mapadre walisikia vibaya. Lakini Daudi na Jildo hawakumfia roho anayepinda migongo. Walimfia Baba wa Yesu Kristo, na damu yao ikalipa jina hilo maana ambayo mzee yule wa mwaka 1911 hakuijua. Leo Mwacholi akilitamka kanisani hamkumbuki kibiongo.

Ndivyo ilivyo hata kwa majina ya watu. Kizito lilikuwa jina la Kiganda tu, kama Masanja lilivyo la Kisukuma. Kijana mmoja alilibeba mpaka kwenye moto wa Namugongo mwaka 1886, na sasa wazazi wa Kahama na Geita wanawabatiza watoto wao kwa jina hilo. Lawino aliuliza jina la ubatizo linaeleza nini. Jibu ni kwamba maana yake imo katika maisha ya aliyelibeba kabla yetu, na sisi tunaolibeba sasa tunaweza kuiongeza au kuipunguza.

Hapa ndipo mtani alipokosea. Alichunguza neno lilikotoka, akasahau kuchunguza lilikokwenda.

Neema ni nini machimboni?

Hata hivyo tusijipongeze haraka. Kosa analosimulia Okot halikuishia mwaka 1911, na halikuwa la Wazungu tu. Sisi tunaofundisha kwa Kiswahili tunadhani tuko salama kwa kuwa lugha ni yetu. Chukua neno ambalo Lawino aliachiwa bila tafsiri. Sisi tunalo: neema. Lakini Shinyanga, mahali pa jua kali, mvua zikinyesha vizuri watu husema ni mwaka wa neema. Machimboni, mwamba ukitoa dhahabu, ni neema. Sasa frateri anasimama kwenye kigango cha mabati Nyarugusu na kuhubiri kwamba tukisali Mungu atatujalia neema. Yule kijana aliyeketi benchi la nyuma, mwenye vumbi la karasha kichwani, amesikia nini?

Kama hatukumweleza, amesikia dhahabu. Na mungu wa dhahabu ana wahubiri wake wengi mjini, tena wenye vipaza sauti kuliko sisi. Dhahabu isipopatikana, kijana huyo atatafuta neema hiyo kwingine. Tunaishi katika kanda ambako watu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo kwa sababu waganga waliahidi utajiri wa migodini na ziwani, na ambako vikongwe wamekatwa mapanga kwa kuwa tu macho yao ni mekundu. Yaliyofanyika ni mauaji, na wauaji wanawajibika. Lakini mhubiri anayeacha watu waamini kwamba Mungu ni njia nyingine ya kupata bahati ameiacha milango wazi. Huyo naye amewahubiria Rubanga wa kuvunja migongo, bila hata kujua Kiacholi.

Kwa hiyo, ndugu frateri, katekista na mwanajumuiya, tufanye jambo moja ambalo mapadre wale wa Gulu walikuwa na haraka mno kulifanya. Tukimaliza kufundisha, tuwaombe wanaosikiliza watueleze kwa maneno yao wenyewe walichosikia. Tusiwaulize kama wameelewa, maana watajibu ndiyo kwa heshima. Tumwulize bibi neema ni nini, tumwulize mchimbaji dhambi ni nini, kisha tunyamaze na kusikiliza. Majibu mengine yatatuchekesha, na mengine yatatufundisha Injili upya.

Okot p'Bitek hakuyauliza maswali yake akiwa amepiga magoti. Aliyauliza akiwa na glasi mkononi na kicheko kinywani, na mengine aliyauliza kwa hasira. Lakini mtani msibani hatumfukuzi. Tunampa chochote, tunamshukuru, kisha tunakwenda kulilipa lile deni alilolitaja. Tumwombee Okot, aliyemtafuta Mfinyanzi kwa maswali, ili amekutana Naye uso kwa uso. Na wenyeheri Daudi na Jildo, makatekista vijana, watuombee sisi tunaolitamka jina Lake kila siku.

Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.